Kijana wangu wa gredi ya 4 amepatikana na disleksia. Shuleni nianzie wapi?

MamaUmoja
Hamjambo wazazi wenzangu. Kijana wangu ana miaka tisa, yuko gredi ya 4 katika shule ya umma hapa Eastlands. Wiki iliyopita tulipata majibu ya tathmini aliyofanyiwa KISE, ile taasisi ya elimu maalum kule Kasarani. Ana ugumu wa kujifunza upande wa kusoma na kuandika, yaani disleksia. Macho ni mazima, masikio ni mazima. Akili yake iko sawa na ya wenzake, na kwenye mafumbo ya maumbo aliwapita wengi wa umri wake.

Niwaeleze nilivyogundua, maana kwa miaka mitatu nilikuwa namtazama bila kumwona. Gredi ya 2 alikuwa "anasoma" kitabu cha hadithi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Dada yake alikuwa akikisoma kwa sauti jioni, naye anakaa kando akisikiza. Siku moja mwaka jana nikafunika picha kwa kiganja, nikaweka kidole chini ya neno "bata". Akanyamaza. Akakitazama kiganja changu, akanitazama usoni, halafu akasema "dada". Nilipoondoa kiganja akamwona yule bata, na hapo hapo akaisema sentensi nzima bila kukosea neno. Kumbe alikuwa amekihifadhi kitabu chote kichwani kwa sababu hawezi kukisoma. Hiyo ni kazi kubwa kiasi gani kwa mtoto wa miaka saba?

Shuleni muhula huu umekuwa mbaya. Darasa lina watoto zaidi ya sitini. Anasimamishwa asome kwa sauti, anakwama, wenzake wanacheka. Mara mbili amechapwa kwa sababu ya "uvivu". Sasa kila Jumatatu asubuhi analia tumbo. Nilimpelekea mwalimu mkuu ripoti, akaipitia haraka akiwa amesimama mlangoni, akanipa mambo mawili nichague: arudishwe gredi ya 3, au nimtafutie shule yenye kitengo maalum cha watoto wenye ulemavu. Nyumbani nako baba watoto hataki neno ulemavu litamkwe. Anasema hata yeye alichelewa kusoma na leo ana kazi yake.

Nimkubalie mwalimu mkuu? Nikirudi pale shuleni niseme nini? Na mtoto mwenyewe nimwambie nini? Juzi ameniuliza kama yeye ni mjinga.

BabaKayole
Pole mama, na hongera kwa kufika hadi kwenye tathmini. Wengi tunaishia kwenye tuisheni.

Binti yangu sasa yuko gredi ya 8. Tuligundua akiwa na miaka kumi, na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya karibu kila kosa unaloweza kufikiria. Kubwa lilikuwa kukubali arudie darasa. Alirudia mara mbili. Mara zote mbili alifundishwa yale yale, kwa njia ile ile iliyomshinda, na akatoka pale pale alipokuwa. Tofauti ni kwamba sasa alikuwa mrefu kuliko darasa zima na ameshaamini kabisa kwamba kichwa chake hakishiki. Nguvu niliyotumia kumtoa kwenye imani hiyo ni nyingi kuliko niliyotumia kumfundisha kusoma. Kwa hivyo mimi nakuambia usikubali arudi gredi ya 3. Kinachohitaji kubadilika ni namna anavyofundishwa.

Kosa la pili lilikuwa pesa. Duka moja mjini liliniuzia miwani yenye vioo vya rangi, nikaambiwa herufi zitaacha "kucheza". Nililipa kwa awamu tatu. Hazikusaidia chochote. Baadaye nikajua kwamba tangu 2009 vyama vya madaktari wa watoto na wa macho Marekani vilitoa tamko la pamoja kwamba vioo vya rangi na mazoezi ya macho havina ushahidi wa kutibu matatizo haya. Shida iko kwenye jinsi ubongo unavyozishughulikia sauti za maneno. Mtoto kama macho yake yamepimwa yakaonekana mazima, mwache bila miwani. Dawa za kumeza pia hakuna, hata mtu akuapie.

Na hapo uliposema mumeo alichelewa kusoma, usipapite. Hali hii hutembea katika ukoo. Muulize kwa upole, mkiwa wawili, ilikuwaje kwake shuleni. Mimi niliulizwa swali hilo nikakasirika, kisha nikalia.

MwalimuWaWadogo
Mama Umoja, mimi nafundisha watoto wa gredi za chini hapa Nairobi na nilisomea elimu maalum. Nitaandika kwa urefu, univumilie.

Kwanza lile la kurudishwa nyuma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, inasema mwanafunzi asizuiwe kuendelea, yaani asirudishwe nyuma wala kubakizwa darasa lile lile. Kifungu cha 36 kinakataza adhabu ya kumuumiza mtoto mwili au nafsi, na viboko shuleni vilipigwa marufuku tangu 2001. Sikuambii hivi ili uende ukapigane. Nakuambia ili ukiingia ofisini ujue umesimama wapi, na usiombe kama mtu anayeomba fadhila. Kuhusu kitengo maalum, sera ya wizara ya mwaka 2018 ya wanafunzi wenye ulemavu inataka mtoto asomee katika shule ya kawaida pamoja na wenzake, akipewa msaada anaouhitaji. Vitengo vina kazi yake kwa watoto wenye mahitaji mengine. Kijana anayeelewa kila kitu akisomewa, kumtoa darasani ni kumnyima somo analoliweza.

Pili, usianze na mwalimu mkuu. Anza na mwalimu wa darasa. Yeye ndiye anayekaa na mtoto kutwa, naye ndiye aliyechoka. Darasa la sitini ni mzigo, na mwalimu akiona mzazi amekuja na ripoti ya kurasa nyingi huhisi ameletewa kazi nyingine juu ya kazi. Andika ukurasa mmoja. Mtoto anaweza nini, anakwama wapi, na mambo matatu tu unayoomba. Matatu, yasizidi. Ukileta kumi hakuna litakalofanyika.

Mimi ningeomba haya. Asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa bila kujiandaa. Akipewa aya moja jana yake akaifanyia mazoezi nyumbani, kesho anaweza kusimama nayo. Asinakili ubao mzima. Apige picha daftari la jirani au apewe maelezo yaliyoandikwa. Na kwenye Sayansi na Hesabu asomewe swali, ajibu kwa mdomo au kwa maneno machache, na asipunguziwe alama kwa tahajia. Hesabu za maneno ndizo huwaumiza sana. Mtoto anajua kugawa lakini hajui swali limesema nini, na mwalimu anaandika "hawezi Hesabu".

Baadaye omba mpango wa masomo wa mtoto mwenyewe, ile karatasi tunayoiita IEP. Iwe na lengo dogo linaloweza kuonekana, kwa mfano: "Kufikia mwisho wa muhula atasoma silabi zote za konsonanti moja bila kubahatisha." Lengo la "aimarike kusoma" ni bure, hakuna anayeweza kulipima.

Tatu, kumfundisha kusoma. Hapa ndipo watu hupotea. Tuisheni ya kawaida ni kumwongezea kile kile kilichomshinda. Anachohitaji ni kufundishwa sauti moja moja, kwa mpangilio, akitumia macho, masikio, mdomo na mkono kwa wakati mmoja. Mbinu hii ina mizizi Marekani miaka ya 1930, kwa daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham, lakini haihitaji vifaa vya Marekani. Chukua sinia, mwaga unga wa mahindi mwembamba. Achore "b" kwa kidole huku akitamka sauti yake. Si "bee", ni ile sauti yenyewe. Kata kadi kwenye boksi, andika silabi, azipange: ba, ta, bata, taba. Dakika kumi na tano kila siku. Saa moja na nusu ya Jumamosi haiwezi kufanya kazi ya dakika hizo.

Na anza na Kiswahili. Naomba sana hapo.

MamaSouthB
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hilo la mwisho naliona gumu. Mtoto yuko gredi ya 4. Kuanzia hapo masomo yote ni Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mtihani ni Kiingereza. Ukimrudisha kwenye ba be bi bo bu, atawafikia wenzake lini? Mimi wangu nilimkazania Kiingereza peke yake ili asichanganyikiwe na lugha mbili.

MwalimuWaWadogo
Mama South B, swali lako ni la haki na wazazi wengi huniuliza. Nieleze ninachokiona.

Kiswahili huandikwa kama kinavyosikika. "A" ni "a" popote utakapoikuta. Ukishajua herufi na silabi unaweza kusoma neno ambalo hujawahi kuliona. Kiingereza hakimpi mtoto uaminifu huo. "Knife" ina k isiyotamkwa, na "one" haianzi na sauti ya o. Kwa mtoto ambaye shida yake ni kuunganisha herufi na sauti, mwanzie pale ambapo herufi inatimiza ahadi yake. Akishaonja hata mara moja kwamba maandishi yana mantiki, kwamba yanafunguka, ule ujasiri anauhamishia kwenye Kiingereza. Na kazi ya kugawa neno katika sauti akishaijua kwa lugha moja, hahitaji kuianza upya katika nyingine.

Lakini kuna mtego ambao wazazi na walimu wajue. Kwa sababu Kiswahili ni chepesi kwa tahajia, mtoto mwenye disleksia anaweza kufika mahali akasoma kwa usahihi, ila polepole mno, silabi kwa silabi, na akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Watu husema "huyu anajua kusoma, ni mzembe tu." Hapana. Huko kusoma polepole ndiko dalili yenyewe. Imeonekana hivyo hata katika lugha nyingine zinazoandikwa kama zinavyotamkwa, kama Kiitaliano na Kifini. Kwa hivyo usipime tu kama amesoma. Angalia imemgharimu nini kusoma.

Kiingereza usikiache. Msomee vitabu vya Kiingereza kwa sauti, aongee, asikize, msamiati wake ukue. Kinachosubiri ni kukisoma mwenyewe tu.

Kuhusu mitihani: KPSEA, mtihani wa kitaifa wa gredi ya 6, haimfungii mtoto mlango wa gredi ya 7, wote huvuka. Lakini alama zake huingia kwenye hesabu ya gredi ya 9, asilimia 20, kwa hivyo si ya kupuuza. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa watahiniwa wenye mahitaji maalum. Shule humsajili kama mtahiniwa mwenye mahitaji maalum, ikiambatisha ripoti ya tathmini. Hakikisha shule imelifanya mapema. Mzazi akikumbuka wiki ya mtihani amechelewa.

MamaSouthB
Nimekuelewa hapo kwenye polepole. Hiyo ndiyo hali ya wangu kabisa, na nimekuwa nikimkaripia kwa hiyo. Asante.

FundiWaMbao
Mimi huwa nasoma tu humu, leo niandike. Samahani kwa makosa ya herufi, simu inanisaidia kuandika kwa sauti.

Niko Gikomba, natengeneza vitanda na makabati. Niliacha shule darasa la 6. Mwalimu alikuwa akinipa chaki niandike ubaoni ili darasa lione. Miaka thelathini imepita na bado nakumbuka ile chaki ilivyokuwa ikiteleza kwa jasho la mkono. Sikuwa mjinga. Mteja akinieleza kabati kwa mdomo naliona lote kichwani, droo zake, pembe zake, mbao ngapi, na sipotezi hata kipande. Lakini akiniletea karatasi ya vipimo namwambia nimesahau miwani nyumbani. Sivai miwani.

Mama Umoja, umesema amekuuliza kama ni mjinga. Mimi sikumuuliza mtu. Mwambie leo, usingoje kesho. Mwambie jina la hicho kitu. Ningalijua kina jina nikiwa na miaka tisa, nisingalikaa miaka hii yote nikijificha.

BabaKayole
Fundi, asante sana kwa kuandika haya. Binti yangu nimemsomea ujumbe wako. Amesema nikuambie kwamba na yeye huandika kwa sauti.

NjeriWaKasarani
Naongezea kidogo kwa wale wanaosoma na hawajafanya tathmini. KISE ipo tangu 1986 na ina kituo cha tathmini pale pale. Zaidi ya hapo kuna vituo vya tathmini ya elimu vya serikali, EARC, vilivyoanzishwa 1984, na Nairobi viko. Watu hukimbilia mwanasaikolojia wa binafsi wakidhani hakuna njia nyingine, kisha wanakata tamaa kwa sababu ya bei. Beba daftari za mtoto, za muhula huu na za mwaka jana. Mpimaji huona mengi kwenye daftari.

Na mpimieni watoto masikio kwanza. Wangu tulidhani ni disleksia, kumbe sikio la kushoto lilikuwa limejaa maji kwa miezi.

MamaUmoja
Wapendwa, wiki tatu zimepita. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nafanya mliyonielekeza na nilitaka nirudi na jambo la kueleza.

Nilianza na mtoto, usiku ule ule niliposoma ujumbe wa Fundi. Nikamwambia kuna kitu kinaitwa disleksia, kwamba ubongo wake hupanga sauti za maneno kwa njia yake, kwamba si kosa lake wala si uvivu, na kwamba kuna njia nyingine ya kufundishwa na tutaifuata pamoja. Akaniambia nilitamke tena lile jina. Nikalitamka. Akauliza, "Kwa hivyo walinipima wakaona si ujinga?" Nikamwambia ndiyo, walipima, na imeandikwa. Akataka aonyeshwe ni wapi imeandikwa. Nikamwekea kidole kwenye mstari. Alishindwa kuusoma, lakini aliutazama kwa muda mrefu.

Shuleni nilimwona mwalimu wa darasa kwanza, saa kumi jioni, watoto wakiwa wametoka. Nilikuwa na ukurasa mmoja na mambo matatu. Mwanzoni aliniambia, "Mama, nina watoto sitini na watatu." Nikamwambia najua, na sikuja kumlaumu. Tukakaa. La kusoma mbele ya darasa alilikubali papo hapo, na aliniambia hakuwahi kujua kwamba tumbo la Jumatatu linatoka hapo. La kunakili pia alikubali. Jirani yake kwenye dawati ana mwandiko mzuri, nami napiga picha daftari jioni. La kujibu kwa mdomo alisema atajaribu kwenye Sayansi pekee muhula huu. Nikalichukua. Kuhusu viboko nilimwambia kwa utulivu, nikimtazama usoni, kwamba mtoto wangu asiguswe tena, na nikataja kile kifungu. Alisema amesikia.

Mwalimu mkuu bado hajafurahi. Amekubali abaki gredi ya 4 "tuone". Mpango wa IEP hatujauandika. Nitarudi mwanzo wa muhula ujao.

Nyumbani ndiko sikutarajia. Nilimuuliza baba watoto lile swali la BabaKayole. Hakujibu siku hiyo. Siku ya pili jioni akachukua ripoti, akaishika kwa dakika kumi hivi, kisha akanirudishia akasema, "Nisomee wewe." Miaka kumi na miwili ya ndoa, na mimi sikuwa najua. Nilimsomea yote. Kijana alipofika, baba yake akamwita akaketi naye kwenye sinia ya unga, na tangu hapo zile dakika kumi na tano ni za wao wawili. Wanafunga mlango. Nasikia tu wanatamka.

Silabi za konsonanti moja zinaenda vizuri. Jana alisoma "kalamu ya baba" kwenye kadi bila picha, polepole, lakini ni yeye aliyesoma. Tatizo limekuja leo tulipoingiza "mb" na "nd". Anazichanganya kabisa, "mbizi" inakuwa "ndizi", na nimeona ule woga umeanza kurudi usoni. Mwalimu, tunakosea wapi?

MwalimuWaWadogo
Mama Umoja, mmeziingiza pamoja, kosa ni hilo tu. Herufi na sauti zinazofanana usimpe siku moja. Ondoeni "nd" yote kwenye kadi, msiitaje kwa wiki mbili au hata tatu. Fundisheni "mb" mpaka asifikirie tena: mbu, mbuni, embe, mbegu, kiambaza. Ndipo mlete "nd", na siku hiyo msianze na kadi. Anzeni na mdomo. Baba ampe mtoto kioo kidogo, ajitazame mwenyewe akitamka. Kwenye "mb" midomo inafunga. Kwenye "nd" midomo iko wazi na ulimi unagusa nyuma ya meno. Acheze nayo hivyo siku mbili tatu kabla hajaona herufi. Akikwama kwenye kadi baadaye, msimpe jibu. Mwambieni, "Midomo yako inafanya nini?"